Sheria ya Silaha Yamlinda Nani?

Tarehe 23 Juni, 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ambayo yafaa kufikiriwa na kila mfanyakazi, hata yule akaaye mbali na nchi hiyo. Kwa kura sita dhidi ya tatu, majaji waliibatilisha sheria ya Jimbo la New York, iliyodumu kwa zaidi ya miaka 100, ambayo ilimtaka mtu atakaye kutembea na bastola aonyeshe kwanza sababu maalum ya kuihitaji. Jaji Clarence Thomas, aliyeiandika hukumu hiyo, alieleza kwamba sheria ya kuzuia silaha itasimama tu endapo serikali itathibitisha kuwa inapatana na desturi ya kihistoria ya taifa hilo.

Maana yake ni kwamba historia imefanywa kuwa shahidi mahakamani. Hatuna ugomvi na jambo hilo, kwani shahidi mwema huisaidia haki. Lakini shahidi akiisha kuitwa hana budi kuulizwa maswali yote, siyo yale tu yampendezayo mmoja wa wadai. Na swali ambalo sisi tungependa aulizwe ni hili: katika miaka 300 na zaidi ya sheria za silaha za miji na majimbo ya Marekani, ni nani aliyekuwa akilindwa, na ni nani aliyekuwa akinyang'anywa?

Wako watu wengi waaminio kwamba Marekani tangu asili ilikuwa nchi ambamo kila mtu alibeba bunduki apendavyo. Imani hiyo imeenezwa sana na sinema za makauboi, ambamo kila mwanamume ana bastola kiunoni na kila ugomvi wa kilabuni huishia barabarani kwa risasi. Ukweli ni kinyume. Miji ile ile ya sinema ilikuwa na sheria kali. Katika miaka ya 1870 mji wa Dodge City, Jimbo la Kansas, uliweka ubao barabarani kuwaarifu wageni kwamba kubeba bunduki kumekatazwa kabisa. Mji wa Tombstone, huko Arizona, ulipitisha sheria ndogo mwezi Aprili 1881 iliyomlazimu kila aingiaye mjini kuiacha silaha yake mahali pa kuhifadhia mpaka atakapoondoka. Yale mapigano ya tarehe 26 Oktoba mwaka huo huo, yajulikanayo kwa jina la O.K. Corral, yalianza pale mkuu wa polisi wa mji, Virgil Earp, alipokwenda pamoja na nduguze kuwanyang'anya silaha watu waliodaiwa kuivunja sheria hiyo. Watu watatu walikufa. Sinema zimetuonyesha mara nyingi ushujaa wa kulenga shabaha, lakini ni mara chache zimetueleza kwamba chanzo cha yote kilikuwa ni amri ya halmashauri ya mji.

Tena desturi hiyo haikuanzia Tombstone. Mwaka 1783, kabla hata Katiba ya nchi haijaandikwa, Jimbo la Massachusetts lilikataza watu wa mji wa Boston kuweka ndani ya nyumba bunduki iliyojazwa baruti. Sababu iliyotajwa katika sheria yenyewe ilikuwa ni usalama wa watu waendao kuzima moto, maana nyumba iliyoshika moto yenye bunduki iliyojazwa yaweza kumwua jirani aliyekuja kuokoa. Mwaka 1813 majimbo ya Kentucky na Louisiana yalikataza kubeba silaha kwa kuficha. Kweli, mahakama ya Kentucky iliitengua sheria ya jimbo hilo mwaka 1822. Lakini mwaka 1850 watu wa Kentucky waliibadili Katiba yao ili kulipa baraza lao uwezo wa kukataza jambo hilo. Mwaka 1837 Jimbo la Alabama liliweka kodi ya dola 100 juu ya yale majambia makubwa yaliyoitwa bowie, fedha ambayo siku hizo ilikuwa nyingi mno, kwa kuwa watu walikuwa wakichinjana nayo kwa ugomvi mdogo tu.

Sheria hizo zilipitishwa kabla au baada ya kile kifungu mashuhuri kilichoongezwa katika Katiba ya Marekani mwaka 1791, kisemacho kwamba haki ya watu ya kuwa na silaha isivunjwe. Wala hapakuwa na mgongano, kwa kuwa kwa muda mrefu kifungu hicho kilihesabiwa kuwa chaizuia Serikali ya Shirikisho tu, siyo majimbo wala miji. Watu wa mahali walijitungia sheria za usalama wao kadiri ya hali yao. Huo ni upande mmoja wa ushahidi, na ni upande wenye heshima.

Sasa na tumwulize shahidi habari za upande wa pili.

Mwaka 1680 koloni la Virginia lilitunga sheria kwamba mtu Mweusi asichukue bunduki, wala upanga, wala rungu, wala hata fimbo ya kujilinda, na akikamatwa apigwe viboko 20. Hapa hapakuwa na habari ya moto wala ya usalama wa jirani. Aliyelindwa alikuwa ni mwenye shamba, na kilicholindwa kilikuwa ni mali yake, yaani binadamu wenzake. Mwaka 1857 Jaji Mkuu Roger Taney, alipokuwa akiikana haki ya uraia ya watu Weusi katika kesi ya Dred Scott, alitaja kama jambo la kutisha kwamba wakihesabiwa kuwa raia wataweza kumiliki na kubeba silaha popote waendapo. Kwake yeye jambo hilo peke yake lilitosha kuwa hoja.

Utumwa ulipovunjwa, mabwana wa zamani walitafuta mlango wa nyuma. Mwezi Novemba 1865 Jimbo la Mississippi lilitunga sheria kwamba mtu Mweusi aliyekombolewa asiwe na bunduki, wala risasi, wala jambia, ila kwa kibali cha wakuu wa wilaya. Tena sheria iliongeza kwamba silaha itakayokamatwa apewe yule aliyemchongea mwenyewe. Msomaji na apime mwenyewe werevu wa sheria hiyo, iliyomgeuza kila mchongezi kuwa mnufaika, na kila jirani mwenye husuda kuwa askari.

Mwaka 1868 Katiba iliongezwa kifungu cha kumi na nne, kilichoyakataza majimbo kumnyima raia ye yote ulinzi sawa wa sheria. Tangu hapo ilikuwa vigumu kuandika katika sheria za silaha maneno "mtu Mweusi". Lakini dhamira ilibaki, ikavaa nguo nyingine. Mwaka 1873, katika mji mdogo wa Colfax, Louisiana, makumi ya watu Weusi waliuawa na kundi la Weupe wenye silaha, wengi wao wakiwa wameisha kusalimu amri. Mwaka 1876 Mahakama ya Juu iliwaachilia wale wachache waliotiwa hatiani, ikisema kwamba vifungu hivyo vya haki vyaizuia serikali, siyo mtu binafsi. Jimbo la Tennessee lilipitisha mwaka 1879 sheria ya kukataza bastola zote isipokuwa zile kubwa za namna ya jeshi la nchi kavu na la majini. Hakuna neno la rangi humo. Lakini bastola hizo zilikuwa ghali, na maskari wa zamani wa upande wa mabwana walikuwa nazo tayari majumbani. Aliyebaki mikono mitupu alikuwa kabwela.

Jimbo la Florida lilitunga mwaka 1893 sheria ya kutaka leseni na dhamana ya dola 100 kwa bunduki za kupiga risasi nyingi mfululizo. Nayo haikutaja rangi ya mtu. Lakini mwaka 1941 Jaji Rivers Buford wa mahakama ya juu ya jimbo hilo hilo alikiri kwa maandishi kwamba sheria hiyo ilitungwa ili kuwanyang'anya silaha vibarua Weusi waliokuwa wamemiminika katika makambi ya kugema utomvu wa misonobari na ya kupasua mbao, na kwamba haikukusudiwa kamwe kuwahusu Weupe. Hatusemi sisi, alisema jaji wa Florida.

Neno hilo "vibarua" latupeleka kwenye jambo linalotuhusu zaidi, kwa sababu ubaguzi wa rangi haukutembea peke yake. Ulitembea bega kwa bega na hofu ya wenye mali juu ya wafanyakazi.

Mwaka 1875 wafanyakazi wa Kijerumani mjini Chicago waliunda kikosi cha kujifunza na kujilinda. Miaka miwili baadaye, katika mgomo mkubwa wa reli wa 1877, polisi na askari waliwapiga risasi wafanyakazi katika mitaa ya mji huo. Baraza la Illinois halikuona haja ya kuwazuia wapigaji. Mwaka 1879 lilipitisha sheria ya kukataza watu wasio wanajeshi wa serikali kuandamana au kufanya mazoezi wakiwa na silaha bila ya kibali cha Gavana. Kiongozi mmoja wa kikosi kile, Herman Presser, aliwaongoza watu wapatao 400 barabarani, akatozwa faini ya dola 10. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba sheria ilikuwa halali.

Tungeweza kuikubali hukumu hiyo bila shida. Kweli, haifai kila kundi liwe na jeshi lake. Lakini hebu tutazame yaliyokuwa yakitendeka wakati ule ule katika Jimbo la Pennsylvania. Huko sheria ya mwaka 1866 iliwaruhusu wenye machimbo ya makaa na viwanda vya chuma kuajiri polisi wao wenyewe, wenye madaraka kamili ya serikali na mshahara wa kampuni. Na mwezi Julai 1892, kiwanda cha chuma cha Carnegie kilipowafungia nje wafanyakazi wake huko Homestead, meneja wake Henry Clay Frick aliwaleta kwa mashua, usiku, watu wapatao 300 wa shirika la Pinkerton wenye bunduki. Watu wa pande zote mbili walikufa. Wakati mfanyakazi wa Chicago alihitaji kibali cha Gavana ili ashike bunduki katika maandamano, mwenye kiwanda wa Pennsylvania alihitaji kitabu cha hundi tu. Ilichukua hasira ya nchi nzima kwa Bunge la Shirikisho kupitisha mwaka 1893 sheria ya kuikataza serikali kuwaajiri watu wa namna hiyo, na ilichukua mpaka miaka ya 1930 kwa Pennsylvania kuwaondoa wale polisi wa makampuni.

Wahenga wetu wamesema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huko Marekani, kwa muda mrefu, meno ya msumeno huo yalichongwa upande mmoja.

Baada ya hapo ilikuja silaha nyingine ya hila, nayo ni kalamu ya mtoa leseni. Sheria ya New York ya mwaka 1911, iliyoitwa kwa jina la Seneta Timothy Sullivan, ilitaka leseni kwa kila bastola. Kwa maandishi ilikuwa sawa kwa wote. Lakini mahali po pote ambapo leseni yategemea hiari ya ofisa mmoja, rangi na jina la mwombaji huingia ofisini kabla ya mwombaji mwenyewe. Mwezi Januari 1956, huko Montgomery, Alabama, nyumba ya Mchungaji Martin Luther King ilitupiwa bomu, mkewe na mtoto wake wakiwa ndani. Aliomba kibali cha kubeba bastola. Alinyimwa. Ikiwa mtu ambaye nyumba yake imelipuliwa hana sababu ya kutosha ya kujilinda, basi ni nani aliyekuwa nayo?

Na mwaka 1967, vijana Weusi wa chama cha Black Panther walipoanza kuwafuata polisi wa Oakland kwa mbali wakiwa na bunduki za wazi, jambo ambalo sheria ya California iliruhusu, ghafula wakubwa wa jimbo hilo waligundua kwamba bunduki barabarani ni hatari. Mbunge Don Mulford alileta muswada, Panther wakaandamana na silaha mpaka jengo la baraza mjini Sacramento tarehe 2 Mei, na mwezi Julai Gavana Ronald Reagan akautia saini. Huyo huyo Reagan, akiwa Rais mwaka 1986, alitia saini sheria ya kulegeza masharti ya silaha ya Serikali ya Shirikisho. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu.

Sasa wako wasemao: kwa kuwa sheria hizo zilizaliwa katika dhuluma, na zifutwe zote. Hoja hii isidharauliwe. Otis McDonald, mzee Mweusi na mfanyakazi mstaafu wa Chicago ambaye nyumba yake ilivunjwa na wezi mara kadhaa, aliishitaki serikali ya mji huo iliyokuwa imekataza bastola tangu 1982, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi, ikizikumbusha zile sheria za Mississippi za 1865. Na katika kesi ya New York ya 2022, mawakili wawateteao maskini walisimama upande wa walioipinga sheria, wakieleza kwamba wateja wao wanaoshitakiwa kwa kuwa na bastola bila leseni karibu wote ni Weusi au watu wa asili ya Kilatini. Wanaosema hayo si watengenezaji wa bunduki. Ni watu waliouona msumeno ukikata nyama zao.

Pamoja na hayo, sisi twakataa mwisho wa hoja hiyo. Dawa ya sheria yenye upendeleo ni kuiondolea upendeleo. Kuiondoa sheria yenyewe ni kumwacha dhaifu mbele ya mwenye nguvu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Tarehe 14 Mei, 2022, wiki chache kabla ya hukumu ile, kijana mmoja Mweupe mwenye chuki ya rangi aliwaua watu 10, wote Weusi, katika duka la vyakula la Buffalo, katika Jimbo hilo hilo la New York. Walikuwa wamekwenda kununua chakula. Watu kama hao hulindwaje na uhuru wa kila mtu kubeba silaha?

Tena tazama yaliyotokea Charlottesville, Virginia. Mwaka 2017 makundi ya wabaguzi na vikosi vya watu binafsi viliingia mjini na silaha. Halmashauri ya mji na wenyeji walikwenda mahakamani wakitumia sheria za Virginia za kukataza majeshi ya watu binafsi, jamaa ya sheria ile iliyomtoza faini Presser. Mwaka 2018 makundi mengi kati ya hayo yalilazimika kukubali kwamba hayatarudi mjini humo kama vikosi vyenye silaha. Sheria ya namna ile ile iliyomfunga mfanyakazi mikono mwaka 1879, sasa ilimfunga mbaguzi. Ubaya basi haukuwa katika sheria. Ulikuwa katika mkono ulioushika msumeno.

Na ndiyo sababu latusikitisha jambo jingine, ambalo halitangazwi sana kama hukumu za Mahakama ya Juu. Mwaka 1981 mji mdogo wa Morton Grove, Illinois, ulikataza bastola. Mwaka uliofuata mji wa Kennesaw, Georgia, ulijibu kwa kumwamuru kila mwenye nyumba awe na bunduki. Wakati ule kila mji uliweza kusema neno lake. Leo zaidi ya majimbo 40 yamezinyang'anya halmashauri za miji sehemu kubwa au yote ya uwezo huo. Florida ilipitisha mwaka 2011 sheria ya kumtoza faini ya hadi dola 5,000 diwani atakayethubutu kupitisha sheria ndogo ya silaha, na hata kuondolewa katika kazi yake. Miji mikubwa, ambamo wafanyakazi na watu Weusi ni wengi na ambamo misiba ni mingi, hairuhusiwi kufanya kile ambacho Tombstone ilikifanya mwaka 1881. Chicago nayo, hata ikitunga sheria, imepakana na Indiana yenye masharti mepesi, na bunduki nyingi zinazokamatwa katika mitaa yake zimetoka huko.

Mwaka 2024 Mahakama ya Juu yenyewe ilipunguza ukali kidogo. Kwa kura nane dhidi ya moja ilikubali kwamba mtu aliyezuiliwa na mahakama kwa kumtishia mkewe au mwenzi wake aweza kunyang'anywa bunduki, na ikasema kwamba si lazima sheria ya leo iwe na pacha wake katika vitabu vya kale. Hilo ni jambo jema. Lakini bado majaji wanaitafuta haki katika vitabu vya zamani, wakati ambapo wengi wa watu wa zamani hizo hawakuwa na kura. Mtumwa wa Virginia hakuulizwa. Mgema utomvu wa Florida hakuulizwa. Mwanamke hakuulizwa.

Kwa hiyo twasema hivi. Historia na iheshimiwe, lakini kipimo cha sheria ya silaha kisiwe umri wake. Kipimo kiwe maswali matatu yaliyo wazi. Je, yamwangukia tajiri sawasawa na maskini, na Mweupe sawasawa na Mweusi? Je, yamzuia mlinzi wa kampuni na askari wa serikali kama imzuiavyo raia? Na je, waliotunga ni wale watakaozika maiti ikiwa sheria hiyo itashindwa?

Sheria ya Boston ya mwaka 1783 yajibu maswali hayo vizuri, kwa kuwa ilimkumbuka mtu wa kawaida aliyekimbia na ndoo ya maji kwenda kuzima moto wa jirani. Sheria ya Mississippi ya mwaka 1865 yashindwa katika yote matatu. Zote mbili ni historia ya Marekani. Mahakama ikimwita shahidi huyo tena, isimfunge mdomo anapofika kwenye sehemu ya aibu, wala isimfukuze anapofika kwenye sehemu ya heshima. Na wafanyakazi wa nchi hiyo, Weusi kwa Weupe, wasikubali kuchaguliwa baina ya dhuluma yenye sheria na mauaji yasiyo na sheria. Wanayo haki ya kudai jambo la tatu, nalo ni sheria iliyo sawa, itungwayo na wao wenyewe, mahali wanapoishi.